Simu ya marehemu: Tunatafuta haki au tunatafuta siri?

 

Ndugu msomaji, juma hili nakusudia kuzungumzia jambo ambalo karibu kila nyumba iliyofiwa miaka hii inakutana nalo, lakini ni mara chache nimelisikia likitajwa mimbarini. Nalo ni simu ya marehemu. Zamani mtu akifariki, familia ilifungua sanduku lake. Humo zilikutwa hati ya nyumba, kitabu cha benki na daftari la madeni. Leo vyote hivyo vimehamia ndani ya simu, na ufunguo wake umo kichwani mwa mtu ambaye tumekwisha mzika.

Mimi ni mwalimu wa somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari. Mada ya mirathi nimeisoma chuoni na nimeifundisha darasani kwa miaka kadhaa. Wanafunzi wangu wanajua fungu la mjane, fungu la mama na fungu la mtoto wa kike. Pamoja na hayo, nakiri kuwa sikuielewa sawasawa mada hiyo mpaka mwaka 2022 alipofariki kaka yangu. Nitasimulia yaliyotokea, pamoja na yale yanayonitia aibu mwenyewe, kwa sababu naamini yana funzo kwa wengi.

Yaliyotukuta

Kaka yangu alikuwa na duka dogo la spea za pikipiki Temeke. Alianguka ghafla kwa presha baada ya swala ya Alasiri na hakuamka tena. Allah amrehemu. Aliacha mjane, binti wa miaka tisa, mtoto wa kiume wa miaka minne na mama yetu mzazi. Baba yetu alikuwa amekwisha tangulia.

Simu yake ilikuwa imefungwa kwa mchoro, ule wa kuunganisha vidoti tisa kwa kidole. Kabla hata ya maji ya kuoshea hayajapata moto, vijana wawili wa familia walikuwa wameishika wakibahatisha. Walijaribu mpaka simu ikawaambia wasubiri. Mmoja akashauri ipelekwe Kariakoo kwa fundi aiflashi. Shemeji yangu, ambaye ndio kwanza alikuwa ameingia eda, alitoka chumbani akasema maneno ambayo sijayasahau: “Msije mkaichukua simu ya mume wangu mkaizungusha Kariakoo. Kaeni nayo hapa hapa.” Alhamdulillah tulimsikiliza. Baadaye nilikuja kufahamu kuwa fundi anapoiflashi simu hutoi yaliyomo. Anaifuta, mnabaki na simu tupu.

Hata hivyo, binamu yetu aliyekuwa akimsaidia dukani alikuwa anaijua namba ya siri ya pesa za mtandao. Siku ya mazishi alichomoa laini akaiweka kwenye kitochi, akaangalia salio akakuta shilingi 1,840,000. Akatoa 400,000 za mchele na nyama kwa ajili ya wageni wa msiba. Hakuiba hata shilingi moja, na sote tulikula. Siku ya nne akaja mzee mmoja kwa adabu kubwa, akaomba kuzungumza na sisi pembeni. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya kijana wa mtaani, na kaka ndiye aliyekuwa mtunza fedha. Shilingi 1,500,000 zilizokuwa kwenye simu ile zilikuwa michango ya watu. Alikuwa na orodha yake, kila jina na kiasi chake.

Piga hesabu, ndugu msomaji. Mali ya kaka kwenye simu ile ilikuwa shilingi 340,000 tu. Sisi tulitumia 400,000. Kwa maana hiyo tulikuwa tumekula shilingi 60,000 za amana ya watu kwenye khitma ya mtu aliyekuwa mwaminifu kiasi cha kukabidhiwa amana hiyo. Hata zile 340,000 nazo hazikuwa halali yetu kuzila, kwa kuwa zilikuwa za wadai wake kwanza, kisha za mjane, mama na mayatima wake. Tukachangishana mifukoni mwetu tukazirudisha zote.

Siku ya kumi na moja binti wa marehemu alinikuta barazani nimeishika ile simu. Akaniambia, “Baba mdogo, mimi naijua. Baba alikuwa ananipa nicheze gemu.” Kwa siku kumi na moja watu wazima tuliumiza vichwa, na hakuna aliyefikiria kumuuliza mtoto.

Ami yetu alitaka ifunguliwe hapo hapo. Nikaomba tumsubiri imamu wa msikiti wetu. Baada ya Isha tulikaa wanne: ami, imamu, mimi, na shemeji akiwa upande wa pili wa pazia. Mtoto akachora mchoro wake, simu ikafunguka, kisha akapelekwa kulala. Mahali pa kuandikia kumbukumbu tulikuta orodha ya majina tisa. Watu watatu walikuwa wanamdai kaka. Watu sita alikuwa anawadai yeye.

Jina la sita lilikuwa langu. Mbele yake paliandikwa shilingi 600,000, na baada ya hapo neno moja: “nisimdai”.

Ni kweli. Mwaka 2019 nilipokuwa natafuta mahari kaka alinikopesha fedha hizo. Mwaka wa kwanza niliahidi. Mwaka wa pili niliona haya. Mwaka wa tatu nilikwisha jiaminisha kuwa ni zawadi ya kaka kwa mdogo wake. Katika siku zile kumi na moja nilikuwa mstari wa mbele kusema simu ifunguliwe ili wanaodaiwa na marehemu wajulikane, nami sikufungua mdomo kusema kuwa mmoja wao ni mimi. Simu iliyofungwa ilikuwa inanisitiri.

Haki za watu zilizomo ndani ya simu

Sasa tuyatazame mafunzo. La kwanza ni kuwa ndani ya simu ya marehemu mna haki za watu, na haki hizo hazifi kwa kufa kwake. Allah (s.w.) anatufahamisha katika Suratun-Nisaa (4:11-12) kuwa mafungu ya mirathi hutolewa baada ya wasia kutekelezwa na deni kulipwa. Wanazuoni wameupanga utaratibu: kwanza gharama za kumwosha, kumkafini na kumzika, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja, kisha ndipo warithi. Amana za watu hazimo kabisa katika hesabu hiyo, kwa sababu hazikuwa mali yake hata siku moja. Zinarejeshwa kwa wenyewe (4:58).

Chakula cha wageni wa msiba nacho hakimo katika gharama za mazishi. Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) ni kinyume na tulivyozoea. Alipouawa Jaafar bin Abi Talib (r.a.), Mtume (s.a.w.) aliagiza watu waipikie familia ya Jaafar kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Majirani ndio wa kuwapikia wafiwa. Sisi tunachukua mali ya mayatima tunawapikia majirani.

Uzito wa deni tunaujua. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Salama bin Al-Akwa (r.a.) kuwa lililetwa jeneza la mtu mwenye deni la dinari tatu na asiyeacha cha kulilipa. Mtume (s.a.w.) aliwaambia Maswahaba wamswalie wenyewe, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipojitolea kulibeba deni lile ndipo akamswalia. Dinari tatu tu. Kwa hiyo familia inayosema “tumwache marehemu apumzike na simu yake” inaweza kuwa inamwacha na mzigo.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Zubair bin Al-Awwam (r.a.), nao umo katika Sahihi Bukhari. Siku ya vita vya Jamal, mwaka 36 Hijiria, alimwita mwanawe Abdullah akamwambia kuwa linalomshughulisha zaidi ni deni lake, na kwamba auze mali na alilipe. Akamwelekeza kuwa akishindwa amtake msaada Mola wake. Watu walikuwa wakimpelekea Zubair fedha wamtunzie, naye akizikubali kama deni badala ya amana, akichelea zisipotee. Alipouawa, Abdullah alikuta deni la milioni mbili na laki mbili, na baba yake hakuacha dinari wala dirham taslimu ila ardhi na nyumba. Aliuza, akalipa. Ndugu zake walipotaka mirathi igawanywe, aliwakatalia mpaka atangaze katika msimu wa Hija kwa miaka minne kuwa mwenye deni kwa Zubair ajitokeze.

Zubair (r.a.) alisema akiwa hai. Abdullah hakuhitaji kubahatisha wala kumtafuta fundi. Aliyafahamu madeni ya baba yake kwa sababu baba mwenyewe alimwambia mapema.

Siri za watu zilizomo ndani ya simu

Funzo la pili ni upande wa pili wa simu ile ile. Tulipomaliza kunakili ile orodha, ami alisema, “Sasa fungua WhatsApp tuone mengine.” Hakuwa na nia mbaya. Alifikiri huenda kuna madeni zaidi. Imamu akamzuia kwa swali: “Mzee, ndugu yenu mlipomwosha juzi, mlimfunua mwili mzima?” Ami akajibu kuwa la, walimfunika kitambaa. Imamu akasema, “Basi na huyu anayefungua simu yake ni mwosha maiti. Aoshe panapopasa kuoshwa, na sitara ibaki mahali pake.”

Tangu siku ile sijapata maelezo yaliyo bora kuliko hayo. Mwosha maiti huchaguliwa aliye mwaminifu, hachaguliwi aliye na hamu. Huingia na wachache wanaohitajika. Hugusa kwa haja. Akiona jambo la kheri anaweza kulisema, akiona aibu huondoka nayo moyoni mpaka naye azikwe. Al-Hakim amepokea Hadithi ya fadhila kubwa ya msamaha kwa anayemwosha Muislamu akamsitiri. Qur'an (49:12) imetukataza kuchunguzana, wala haikusema kuwa akifa mtu uchunguzi unakuwa halali. Na Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuwa kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya jicho, yaani jicho lisione lisichoruhusiwa. Nyumba ya mtu ina mlango, na simu yake nayo ina mlango.

Isitoshe, siri zilizo katika simu ya marehemu si zake peke yake. Mna maneno ya rafiki aliyemwomba ushauri wa ndoa. Mna picha ambazo dada zake walimtumia bila hijabu. Mna majibu ya hospitali ya jirani. Hao wote wako hai, na hakuna aliyewaomba idhini. Tumesikia nyumba ambazo ujumbe mmoja uliosomwa nusu nusu siku ya tatu ya msiba umewagombanisha mjane na mawifi zake, na marehemu hayupo kueleza alikusudia nini.

Ami alinyamaza. Shemeji akasema kutoka nyuma ya pazia, “Mimi nimeishi naye miaka kumi na moja. Ninayoyajua yananitosha. Nipeni picha za watoto tu.” Tukazinakili picha za watoto, tukaifunga simu.

Kutodai si kusamehe

Funzo la tatu linanihusu mimi, na huenda linakuhusu na wewe. Nilimuuliza imamu pembeni, nikitamani jibu jepesi, kama neno “nisimdai” lina maana nimesamehewa. Akaniambia, “Mwalimu, kutodai si kusamehe. Mtu anaweza asikudai kwa haya, au kwa huruma, au kwa kusubiri uzinduke.” Deni lilikuwa la yakini, msamaha ulikuwa wa shaka, na kanuni ya wanazuoni ni kuwa yakini haiondolewi na shaka.

Shemeji na mama walipolisikia hilo wakasema wamenisamehe. Tukapiga hesabu ya ile 600,000. Fungu la mjane mwenye watoto ni thumni, yaani 75,000. Fungu la mama ni sudusi, yaani 100,000. Hizo ndizo walizoweza kunisamehe, kwa sababu madeni yaliyobaki kwa marehemu yalikuwa yamekwisha lipwa. Shilingi 425,000 zilizobaki ni za mayatima wawili, na hakuna mtu mzima mwenye mamlaka ya kusamehe mali ya yatima kwa niaba yake. Aya ya kumi ya Suratun-Nisaa juu ya wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma nimeifundisha kwa miaka kadhaa, na siku ile niliisikia kama inanisomea mimi. Nililipa zote 600,000 kwa miezi minne.

Nauliza basi: ni wangapi wetu ambao simu ya marehemu fulani iliyofungwa inatusitiri?

Taratibu zilizopo

Pengine msomaji atauliza, je, kama hakuna mtoto anayeujua mchoro? Hapo yafaa tuelewe simu hizi zinavyofanya kazi, ili tusiharibu kwa haraka.

Kwanza, msibahatishe namba ya siri. Simu nyingi hujifunga kwa muda mrefu zaidi kila unapokosea, na zipo zilizowekwa zijifute baada ya kukosea mara kumi. Msitegemee kidole cha maiti. Mwaka 2018 katika jimbo la Florida, Marekani, polisi walikwenda mpaka nyumba ya mazishi wakajaribu kufungua simu kwa kidole cha marehemu, na haikufunguka. Isitoshe, simu nyingi zikizimika na kuwashwa upya hazikubali kidole wala sura mpaka iingizwe namba ya siri. Kampuni ya Apple yenyewe haiwezi kukuondolea namba ya siri ya iPhone bila kufuta yaliyomo.

Pili, ichajini simu na kuitunza laini. Hapa kwetu Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole, na kufikia Januari 2020 zile ambazo hazijasajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Ikipotea laini ya marehemu, ndugu hawezi kuirudisha kirahisi dukani kama zamani. Na laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, kisha namba ile inaweza kupewa mtu mwingine. WhatsApp nayo kwa kawaida huifuta akaunti isiyotumika kwa siku 120.

Tatu, fuateni njia ya halali katika fedha. Kujua namba ya siri si kuruhusiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imefanya kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa. Njia iliyo wazi ni hii: familia ipate cheti cha kifo kutoka RITA, ikae kikao imteue msimamizi wa mirathi, jina lipelekwe Mahakama ya Mwanzo, ambayo ina mamlaka juu ya mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu. Msimamizi akishathibitishwa, ndiye anayekwenda benki na kampuni ya simu akiwa na nyaraka zake. Ni njia ndefu, lakini inalinda haki ya mjane na mayatima, na inamlinda msimamizi dhidi ya tuhuma.

Nne, simu ikifunguka, ifunguliwe mbele ya mashahidi wachache waaminifu, kwa jambo lililotajwa kabla, na linalopatikana liandikwe. Tangazo la wadai litolewe msikitini na katika makundi aliyokuwamo marehemu.

Msidhani ni sisi tu tunaohangaika. Huko Marekani askari mmoja aliuawa Iraq mwaka 2004, na baba yake alilazimika kupata amri ya mahakama mwaka 2005 ndipo kampuni ya Yahoo ikampa barua pepe za mwanawe. Huko Ujerumani wazazi wa binti wa miaka 15 aliyefariki mwaka 2012 walihangaika na Facebook mpaka Julai 2018, mahakama kuu ya nchi ile ilipoamua kuwa akaunti hurithiwa kama zinavyorithiwa barua na shajara. Miaka kadhaa ya mahakama, kwa jambo ambalo karatasi moja ingelitatua.

Andika kabla hujalala

Karatasi hiyo ni wasia. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kuwa haimfalii Muislamu mwenye cha kuusia kulala masiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa uko kwake. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'an (2:282) inahusu nini? Kuandika deni. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipohama Makka usiku wa hatari alimwacha nyuma Ali (r.a.) azirejeshe amana za watu.

Kwa hiyo nakushauri, ndugu msomaji, mambo matano, nayo nimeyafanya mwenyewe.

1. Andika kwenye karatasi, usiandike kwenye simu peke yake, unaowadai na wanaokudai, kisha ukague kila mwezi. Ukisamehe deni, andika “nimemsamehe”, ukaweka tarehe na shahidi. Usiandike “nisimdai”.

2. Fedha za amana, ziwe za kikundi, za harusi au za madrasa, ziweke kwenye laini au akaunti yake pekee, na wajulishe wanakamati wawili.

3. Namba ya kufungulia simu iweke kwenye bahasha iliyofungwa kwa mtu mmoja unayemwamini kama ungemwamini akuoshe. Namba ya siri ya fedha usiiandike. Hiyo iache, warithi watapita kwa msimamizi.

4. Tumia milango iliyowekwa. Tangu Desemba 2021 mwenye iPhone anaweza kumteua mtu wa kurithi akaunti yake, ambaye hupewa ufunguo maalumu na huutumia pamoja na cheti cha kifo. Google tangu mwaka 2013 inakuruhusu kupanga nani apewe taarifa zako ukipotea hewani kwa miezi utakayoichagua, kuanzia mitatu mpaka kumi na minane. Facebook tangu mwaka 2015 inakuruhusu kumteua wa kusimamia ukurasa wako.

5. Safisha simu yako ukiwa hai. Kisichofaa kuonwa na mwosha wako kifute leo na utubie leo. Picha mbaya uliyoisambaza inaendelea kutazamwa na wewe uko kaburini, kama ambavyo darsa jema uliloliweka linaendelea kukunufaisha.

Bahasha yangu mimi iko kwa imamu yule yule. Ndani yake mna karatasi mbili. Moja ni ya madeni, na nyingine ina namba ya simu na mstari mmoja wa maelekezo: fungueni palipoandikwa haki za watu, pengine pafunikeni.

Tumuombe Allah (s.w.) awarehemu waliotutangulia, awalipie madeni yao, awasitiri wao na sisi, na atuwezeshe kuzirejesha haki za watu kabla hatujaitwa.

Wabillahi tawfiiq.